Nusu kwa Spika

Ukutani kwangu, juu ya meza ya kazi, niliandika kwa rangi nyekundu: NUSU SPIKA, ROBO AMPLIFAYA, ROBO VINGINE. Niliandika hivyo mwaka nilipohamia chumba hiki cha Busia, upande wa Uganda, kwa sababu nilikuwa nimechoka kujibu swali lile lile. Mtu anakuja na pesa kwenye bahasha, ameuza mahindi au ameuza mbuzi, anauliza, "Fundi Bwire, hii pesa nagawa namna gani nipate muziki ya nyumbani?" Mimi naonyesha ukuta kwa bisibisi. Wanaojua kusoma walisoma, wasiojua niliwasomea, na wote waliondoka wakiamini wamekutana na msomi.

Usomi wenyewe haukuwapo. Ilikuwa mazoea ya huku kwetu tu. Sisi, Wasamia na Jopadhola na Wateso wote sawa, muziki tunaupima kwa umbali. Hatuulizi unasikika vipi, tunauliza unasikika mpaka wapi. Mtu akinunua spika na jirani wa ng'ambo ya bonde asilalamike, anaona ameibiwa. Kwa hiyo pesa yote ilikwenda kwenye spika, kisha amplifaya ya kuzisukuma, na vile "vingine" vya ukutani, yaani nyaya na mashine inayosoma muziki wenyewe, vilipata makombo. Ile robo niliiandika kwa heshima tu. Mara nyingi haikufika hata sehemu ya kumi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa miaka kumi na minne.

Juliet alikuja dukani mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi, kabla ya kufungua meza yake ya mitumba pale sokoni. Tulijuana kwa kupita tu. Ni msichana wa miaka ishirini na minne, Mjapadhola wa Rubongi, huko Tororo, maneno machache, mtu ambaye akikuuliza bei unaitaja ile ya kweli. Siku hiyo alikaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa, akanieleza shida yake yote kwa mara moja, na mimi nikazima redio niliyokuwa nikiitengeneza ili nimsikie.

Baba yake, Ofwono, alikuwa utingo wa malori ya kwenda Mombasa. Mwaka wa tisini na tisa, mkewe Akumu akiwa na mimba ya miezi saba, alinunua kanda tupu ya kaseti, akaazima redio ya dereva wake, akarekodi maneno ya dakika nne. Siku zile watu wa safari walifanya hivyo, maana barua ilihitaji mtu wa kukusomea na huyo mtu akajua siri zako. Kanda ikaletwa Tororo na dereva mwingine. Wiki tatu baadaye lori la Ofwono lilipinduka, na mtoto alizaliwa akiwa hana baba.

"Mama alisikiza hiyo kanda mpaka redio ikaungua," Juliet aliniambia. "Mimi nilikuwa bado natambaa. Tangu hiyo siku iko ndani ya kopo ya majani ya chai. Mimi sijasikia sauti ya baba hata siku moja."

Nikamuuliza kama mama yake hakuwahi kumwambia yaliyosemwa.

"Anakataa. Anasema baba aliongea na mimi pale mwisho. Maneno ya marehemu kwa mtoto wake, hakuna mdomo ingine inaruhusiwa kuibeba. Anasema akiisema yeye, basi ameninyang'anya."

Sikucheka. Nyumbani kwetu Buteba pia kuna mambo ambayo marehemu akiyaacha hayaguswi, na asiyeelewa hilo si mtu wa kumweleza.

Sasa Akumu alikuwa anaumwa. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini, na hospitali ilishawaambia warudi nyumbani wakae naye. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, amsikie mumewe kabla hajamfuata, na Juliet akiwa amekaa pembeni, amsikie naye. Na kanda haitoki nyumbani. Mashine ndiyo itakayoifuata kanda, si kanda kuifuata mashine, kwa sababu sauti ya mume wake haizungushwi sokoni mpaka kila mpita njia aisikie.

"Mimi nataka mama amsikie vizuri," Juliet alisema. "Kama yuko ndani ya nyumba. Kelele sitaki."

Alikuwa na laki sita. Kwa laki sita, na kwa haja ile, kazi ilikuwa nyepesi kabisa. Deki nzuri ya kanda, amplifaya ndogo, spika mbili za kuweka juu ya kabati, na chenji ya kununulia mgonjwa maziwa. Nilishaanza kupiga hesabu hiyo kichwani, na naapa kwamba hesabu hiyo ndiyo ilikuwa ya kweli. Ningeifuata, leo nisingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Kesho yake akaja na baba yake mdogo.

Opendi ni mdogo wake Ofwono, mwanamume mpana, wa kofia ya ngozi na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Hakukaa. Aliangalia ukuta wangu, akasoma yale maandishi kwa sauti, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapo umesema," aliniambia. "Mimi nimeuza ng'ombe, fundi. Sikuuza kuku. Naongeza laki nane. Hiyo nyumba ya kaka yangu inatakiwa kulia mpaka Molo wasikie."

Molo ndiko kwa wakwe zake. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwaka uliopita, kwenye sherehe ya kumtoa binti yake, muziki wake ulizima mara mbili na wakwe wakacheka. Kutoka Rubongi hadi Molo hata radi hufika imechoka, lakini hilo sikumwambia. Juliet alisema polepole, "Baba, mama ni mgonjwa." Opendi akamjibu bila ukali kwamba muziki utabaki baada ya mgonjwa, na kwamba nyumba isiyo na sauti ni nyumba iliyokufa. Mbele ya baba mdogo, aliyemsomesha mpaka darasa la saba, Juliet angebishana vipi? Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu cha laki nane kilikuwa kikali.

Na mimi je? Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Ningeweza kusema, mzee, spika kubwa ni kwa sherehe, hii ni kazi nyingine. Lakini kazi ya milioni moja na laki nne siipati kila mwezi, na nilishaanza kuziona zile spika za inchi kumi na tano zikiwa zimesimama Rubongi, watu wakiuliza nani amefunga. Nilitaka waseme Bwire. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, na haina nguo nzuri ya kuivalisha.

Nikagawa kama ukuta ulivyosema, na spika nikazizidishia. Spika laki nane. Amplifaya laki nne. Nauli na ufundi wangu laki moja. Ikabaki laki moja kwa deki na nyaya.

Vitu vilivyotumika hutoka upande wa Kenya, kwa Griffins, kijana wa Kijaluo mwenye banda lililojaa mashine za Ulaya ambazo wenyewe wamezichoka. Nilivuka asubuhi, nikachagua spika, nikazigonga kwa kidole, tukapatana. Mwisho nikamwomba deki ya kanda. Alikuwa nazo mbili. Moja alitaka shilingi elfu sita za kwao, nyingine elfu mbili.

Nikachukua ya elfu mbili. Nikaifungua kifuniko, nikaona kile kigurudumu cha mpira kinachobana utepe na kuuvuta. Kilikuwa kinang'aa, na nilipokigusa kilinata kidoleni kama ubani uliotafunwa.

"Buda, hiyo rola imeisha," Griffins aliniambia, wala sikuwa nimemuuliza. "Hiyo ni ya kuuzia wasee wa kupamba nyumba. Kama ni ya kazi, chukua ya thao sita. Nimeiservisi mimi mwenyewe, iko na rola mpya."

"Tofauti ni kubwa," nikasema.

"Shukisha spika basi. Chukua za kumi na mbili."

Nilizitazama zile za kumi na tano, zilikuwa zimeshafungwa kamba kwenye mkokoteni. Tofauti ya deki mbili ilikuwa kama laki moja na elfu kumi za kwetu. Nikamwambia Griffins kwamba deki itatumika siku moja tu, baada ya hapo ni muziki wa flashi, kwa hiyo mpira utavumilia. Akainua mabega. "Sawa, mzae. Ikikuangusha usirudi hapa."

Dukani niliipaka spiriti ile rola, nikatia kanda yangu ya zamani ya kwaya, ikaimba dakika moja nzima bila tatizo. Kanda yangu ilikuwa imara, imetunzwa vizuri kwenye mfuko. Nikaizima, nikajiambia mambo yako sawa. Sikumwambia Juliet habari ya rola. Sikumwambia kwamba kulikuwa na deki mbili.

Nilifika Rubongi Jumamosi saa nne asubuhi na pikapu ya kukodi. Nilidhani nitakuta watu watatu. Nilikuta viti vya plastiki vimepangwa uani, majirani wamekaa kwa familia, na Opendi amevaa koti. Alikuwa amealika watu waje kusikia kaka yake akiongea. Akumu alikuwa amelazwa sebuleni kwenye godoro, amefunikwa shuka la maua. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji na mikono yake imebaki mifupa, lakini alikuwa amesukwa nywele. Wanawake walimsuka siku hiyo, kwa sababu mume wake anakuja.

Nilipoinama kumsalimu alinishika vidole. "Mwanangu, wewe ndio unaniletea Ofwono?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Anakohoa kidogo pale mwanzo. Usifikiri imeharibika. Anakohoa, halafu anaita jina yangu."

Kisha akamwagiza Juliet kopo. Kanda ilikuwa imefungwa kwenye leso, na leso ilinuka moshi. Kopo lile lilikaa zaidi ya miaka ishirini kwenye uchaga wa jikoni, juu ya moto. Niliishika kanda kwenye mwanga wa dirisha. Utepe ulikuwa umekakamaa, na kwenye ukingo wake niliona unga mwembamba wa kahawia. Fundi yeyote anajua unga huo ni nini. Utepe wa kanda ni plastiki tu, kinachoshika sauti ni hicho cha kahawia kilichopakwa juu yake. Ukiona kinapukutika, unakwenda polepole. Unauzungusha kwa kalamu kwanza, mbele na nyuma, na unaweka mashine nzuri kuliko zote ulizonazo, kwa sababu huenda itapita mara moja tu.

Nilikuwa na mashine mbaya kuliko zote. Nilijua nilipokuwa nimesimama pale dirishani. Nilijua kabisa, na watu walikuwa uani wanasubiri, na Opendi alikuwa anasema, "Fundi, tunakwenda?"

Nikasema tunakwenda.

Spika nilitaka kuziweka sebuleni, pembeni ya godoro. Opendi akazikataa. Alizitaka barazani, zitazame Molo. Nyaya zangu za bei ndogo hazikutosha kufika, nikaziunga na vipande nilivyokuwa navyo, na kiungo cha spika ya kulia kikawa kinakatika kila kikiguswa na upepo. Njia pekee ya kukituliza ilikuwa kukishika kwa mkono. Kwa hiyo deki na amplifaya zilibaki ndani juu ya meza, karibu na mgonjwa, na mimi fundi nikawa barazani, nimechuchumaa nyuma ya spika, nimeshika waya. Opendi ndiye atakayebonyeza. Juliet alikaa chini kichwani pa mama yake, simu yake mkononi, inarekodi.

Ikaanza kuunguruma kwanza, ile sehemu ya kanda isiyo na maneno, mngurumo mkubwa uliotikisa mabati. Kisha Ofwono akakohoa. Halafu akasema, kwa Kidhopadhola ambacho nakisikia vya kutosha, sauti ya kijana mwenye furaha, kijana mdogo kuliko mimi nilivyo leo:

"Akumu. Mimi mzima. Huyo mtoto akizaliwa, umwambie…"

Na neno lililofuata likavutika. Likawa refu, likashuka, likawa sauti ya mnyama. Nilijua papo hapo. Rola ilikuwa imeunasa utepe na inauzungusha mwilini mwake.

Nikamwita Opendi azime. Spika za inchi kumi na tano zilikuwa usoni pangu, sikujisikia hata mwenyewe. Yeye alidhani sauti imepungua nguvu, na kwa mtu wa huku sauti ikipungua dawa ni moja. Akaongeza. Nikaachia waya nikakimbia. Mlangoni pamejaa watu waliosogea kusikia, nikawasukuma, wazee na wanawake, na wakati wote huo ile mashine ilikuwa inakula. Nilipofika Opendi alishatambua kuna kosa. Alikuwa amefungua mlango wa deki kwa kijiko na anaivuta kanda kwa nguvu zake zote za kuvutia ng'ombe.

Ikatoka. Utepe ukatoka nyuma yake kama matumbo, umekunjwa, umekatika sehemu nne ninazozikumbuka. Mita na mita nyingine zilibaki zimejisokota kwenye rola.

Spika zilikuwa bado zinanguruma barazani. Nikaenda nikazima amplifaya, na hapo ndipo nilipomsikia Akumu. Alikuwa anasema, polepole, "Bado. Kuna ingine. Bado hajamaliza."

Nilifanya kila ninachojua. Nilikaa sakafuni kwao mpaka jua likashuka, nikifungua rola kwa kisu cha kunyolea, nikinyoosha utepe kwa vidole, nikiunga kwa gundi. Kila nilipounyoosha, ule unga wa kahawia ulibaki vidoleni. Nilivitazama vidole vyangu. Sauti ya Ofwono ilikuwa pale, imenipaka, na hakuna mashine duniani inayosoma vidole vya mtu. Vipande vilivyobaki nilivirudisha kwenye kasha na kuvipitisha tena, na kilichotoka kilikuwa vumbi na mikwaruzo, na mahali pamoja labda neno, labda si neno.

Opendi alisema maji yakimwagika hayazoleki. Nilitaka kumpiga. Baadaye nikaona kwamba ninayetaka kumpiga si yeye.

Juliet alikuwa na sekunde kumi na moja kwenye simu. Kikohozi, jina la mama yake, "mimi mzima," "mtoto akizaliwa, umwambie," na kisha deki ikitafuna. Jioni ile alimwekea mama yake simu sikioni. Akumu alisikiliza, akafumba macho, akasikiliza tena. Kisha Juliet alimuuliza, na mimi nilikuwa bado pale, nakusanya nyaya zangu.

"Mama, sasa niambie wewe. Aliniambia nini?"

Akumu alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta, macho yanakwenda darini na kurudi, kama mtu aliyeweka ufunguo mahali na mahali penyewe pamehama.

"Nilikuwa najua yote," alisema. "Nilikuwa najua hata pale anapumua. Nimetafuta, mwanangu. Haiko. Mimi niliachia kanda ndio ikumbuke."

Ndipo akalia, na kulia kwa mgonjwa wa ini ni kazi nzito. Juliet akampangusa uso, na mimi nikatoka nje.

Aliishi siku tisa. Wanawake waliomuuguza waliniambia aliomba simu mara nyingi sana, mpaka Juliet akaacha kwenda sokoni. Siku mbili za mwisho hakuweza kusema, alikuwa anagusa sikio lake tu.

Opendi alinipigia simu niende kuendesha muziki wa msiba. Nilikataa. Akasema, "Wewe ulinunua hizo spika, wewe utazipigisha." Nikaona ana haki. Nilinunua nyaya mpya kwa pesa yangu, nene, za kutosha kufika popote, na njiani nikapita kwa Griffins nikauliza ile deki ya elfu sita. Aliniambia imeuzwa siku nyingi. Hakunicheka, na ningependa angenicheka.

Spika zilifanya kazi vizuri kuliko spika zozote nilizowahi kufunga. Nyimbo za kanisa zilijaa bonde lote. Watu wa Molo walikuja kumzika mke wa kaka yake mkwe wao, na nilimsikia mmoja akimwambia Opendi kwamba walianza kusikia wakiwa bado kwenye lami. Opendi aliitika kwa kichwa tu. Sikumwona akifurahi.

Kabla jeneza halijashushwa, alikuja kuniomba nipige sauti ya kaka yake, ile iliyobaki, ili mume amuage mkewe. Juliet alinipa simu yake bila kunitazama. Nilichomeka waya. Nilijua kila sekunde ya ile rekodi, nilijua mahali pa kukata, kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Ofwono akakohoa juu ya makaburi na migomba na watu mia nne. "Akumu," aliita, wazi kabisa, kubwa, kama yuko ndani ya nyumba. Hivyo ndivyo Juliet alivyotaka siku ile ya kwanza. "Mimi mzima. Huyo mtoto akizaliwa, umwambie…"

Nikakata. Watu waligeuka kunitazama wakidhani kuna inayoendelea. Mzee mmoja mbele yangu alimwuliza mwenzake, "Amwambie nini?"

Baada ya maziko nilikuwa nakunja nyaya Juliet akaja kuchukua simu yake. Alisimama. Vumbi la udongo lilikuwa kwenye mikono yake.

"Fundi, nataka kuuliza kitu. Hiyo mashine ya kanda. Kulikuwa na ingine mzuri?"

Ningeweza kudanganya. "Ilikuwepo."

"Ilikuwa inazidi hii kwa pesa ngapi?"

"Laki moja na elfu kumi."

Alifikiria. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari, nilikuwa nataka hata. Lakini alikuwa anahesabu tu.

"Siku ile nilikuwa na laki mbili kwa nyumba," alisema. "Ya kununua mzigo. Ungeniambia, fundi. Hiyo nilikuwa nayo."

Akaifuta simu kwa khanga yake, akaitia kifuani, akarudi walipokaa wanawake.